Mavis Anatafuta Nyumba

Jumapili, 28 Septemba

Bwana Wiebe, mwenye nyumba wangu, ameuza nyumba. Kaniambia nikiwa nimekaa kwenye ngazi navua mabuti. Walionunua wanataka chumba changu cha chini ya ardhi wakifanye cha mazoezi. Nihame kabla Oktoba haijaisha. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Kisha akamwinamia Mavis akampa pole. Pole ya mbwa ilikuwa ndefu kuliko yangu.

Nimeshapiga simu mbili za kutafuta chumba. Wa kwanza kauliza mbwa wa aina gani, nikamwambia, akakata. Wa pili aliniaga kwanza, ndipo akakata.

Mavis ni pitibuli, mbwa ambaye wenye nyumba huku wanamwogopa. Anaogopa tosta. Mkate ukiruka, yeye yuko bafuni.

Jumanne, 30 Septemba

Upepo mkali juu ya paa leo. Vigae vinataka kuondoka na sisi. Mgongo umekufa.

Delbert, ninayeezeka naye, kanicheka tangu chai mpaka kushuka. Eti, wewe mzee, unawaambia ukweli? Nani kakufundisha hivyo? Andika Labrado chotara, mbwa mpole asiyekataliwa na mtu! Hapa mjini Red Deer kila mtu ni Labrado chotara. Shemeji yake ana Rotiwaila, mbwa wa ulinzi, kwenye karatasi ni Labrado chotara. Jirani yake ana kitu ambacho hakijulikani kama ni mbwa au dubu. Labrado chotara.

Nikamuuliza, na hao wenye nyumba wanaamini? Akasema si suala la kuamini, ni suala la kuandika.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimekwenda kwenye ghorofa moja la kupangisha, karibu na mto. Ukutani wamebandika majina ya mbwa wasiotakiwa, na pitibuli yuko juu kabisa, kama mgeni rasmi. Msimamizi ni mama mmoja, Doreen, miwani imefungwa kamba shingoni. Nikasema nilivyofundishwa na Delbert.

Alifungua droo, akatoa picha ya Labrado halisi, akaisimamisha kando ya kichwa cha Mavis. Akatazama huku. Akatazama kule. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Bwana," akasema, "huyu Labrado wako ana kichwa kama sanduku la spana."

Nyuma yangu kulikuwa na kijana na mbwa wake, pua imebonyea, kifua kama pipa. Aliposikia hivyo alimficha nyuma ya miguu, wakatoka kinyumenyume.

Doreen anasema wiki iliyopita alikuja mtu na Labrado wa kweli, mwenye vyeti, naye akamfukuza. Amechoka na Labrado. Ukija na pitibuli ukasema pitibuli, anasema, angalau nitakukatalia kwa heshima.

Mavis muda wote alikuwa anaogopa mfuko wa plastiki uliokuwa sakafuni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Dada yangu Philomena kapiga kutoka nyumbani. Kwao ilikuwa imeshakuwa jioni, Newfoundland iko mashariki kabisa ya nchi, siku zote wanatutangulia saa. Nimemweleza habari za nyumba. Akafurahi, hata hakuficha.

"Kaka, hiyo ni ishara. Rudi. Chumba cha mama kipo vilevile, hata pazia sijagusa. Mbwa mpe mtu."

Nani? Huku anayemtaka pitibuli ndiye usiyetaka kumpa. Na wale wa kituo cha mbwa waliotelekezwa nimewauliza. Wamejaa, na waliojaa humo ndio hao hao, Labrado chotara. Mbwa wa namna ya Mavis akiingia kule, anakaa mpaka wachoke kumlisha.

Akaniambia, umri huo, unalala chini ya ardhi na mnyama. Nikamwambia hatulali pamoja. Uongo.

Mavis nilimkuta. Mpangaji wa kabla yangu alimwacha. Bwana Wiebe alinifungulia mlango wa chumba, mbwa amekaa katikati, kimya, kama anasubiri basi. Nikauliza, na huyu? Akasema huyu anakuja na chumba. Sasa nikichelewa kurudi kutoka kazini, ndani ya Alberta nzima ni yeye tu anayejua kwamba nimechelewa.

Philomena sikumwambia hivyo. Nilimwambia simu inakatika.

Jumatano, 8 Oktoba

Mke wa Delbert, Lorna, kasema tatizo letu ni kwamba Mavis hana wasifu. Siku hizi mbwa bila wasifu hapati nyumba. Nikacheka. Hakucheka. Akawasha kompyuta.

Picha: Mavis na skafu ya bluu ya Lorna, masikio yamechanwa kwa brashi. Umri. Uzito. Elimu: hana. Nikasema hata mimi niliishia darasa la kumi. Lorna akaandika "anajifunza mwenyewe". Tabia: mtulivu, habweki, anapenda wazee. Nikamwambia hajawahi kukutana na mzee mwingine isipokuwa mimi. Akasema, basi, ndiyo hivyo. Udhaifu: tosta. Mdhamini: Bwana Wiebe.

Na kwenye aina, Lorna kaandika pitibuli. Kubwa, juu kabisa. Anasema tumejaribu uongo, tujaribu kitu kingine.

Nimefanya kazi tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Samaki, mbao, mafuta, sasa mapaa. Sijawahi kuwa na karatasi nzuri namna ile.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya shukrani. Bata mzinga kwa Delbert, nimekula mpaka nikaona aibu. Mavis kapewa shingo, akaiogopa.

Mama mmoja amejibu wasifu ambao Lorna aliuweka mtandaoni! Mama Halvorsen, mjane, nyumba yake imegawanywa pande mbili, anakaa upande mmoja, wa pili anapangisha. Bima yake haina neno na mbwa wa aina yoyote. Anamwita Mavis kwenye usaili. Ameandika hivyo. Mavis. Mimi hakunitaja.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimeoga, nimemwogesha Mavis, nikaoga tena maana alinitikisia maji.

Mama Halvorsen ni mwembamba, amenyooka kama ngazi. Kaweka kiti kwa Mavis. Mimi nilisimama mpaka nikaona stuli. Wasifu ulikuwa mezani, amepigia mistari baadhi ya maneno.

"Mavis, unapenda kukaa peke yako?"

Nikasema, anaweza, mama, hana shida.

"Sijakuuliza wewe, bwana."

Mavis akamtazama. Yule mama akaandika kitu. Sijui Mavis alisema nini.

Akauliza maoni yake kuhusu paka. Akauliza kama anaamka mapema. Kila swali alisubiri kwa subira, na kila mara aliandika. Kisha akabonyeza tosta, kwa makusudi kabisa, maana alishasoma udhaifu. Mkate ukaruka. Mavis akashuka kwenye kiti, akapita bila kukimbia, akaingiza kichwa ndani ya aproni ya Mama Halvorsen.

"Mkweli," akasema mama. "Ameandika anaogopa, na kweli anaogopa."

Nikauliza, basi tumepata? Akasema Mavis yuko kwenye hatua ya pili.

Jumapili, 19 Oktoba

Hatua ya pili ni majaribio. Mavis alilala kwa Mama Halvorsen Ijumaa na Jumamosi. Mimi sikualikwa. Chumba bila yeye kilinishinda, nimelala kwenye kochi la Delbert, naye kila akipita: "Vipi, bosi wako kakupigia?"

Sikulala vizuri. Hakuna aliyenikoromea.

Nilipokwenda kumchukua, nilimkuta juu ya kiti chenye mto, wanatazama mashindano ya upishi. Akatikisa mkia lakini hakushuka. Mama anasema usaili umekwisha, Mavis amepita, hajaona mpangaji kama huyo tangu mumewe afariki. Nikashika kofia, nikashukuru, nikauliza nihamie lini.

Akanitazama kama vile nimeingia bila kubisha.

"Ah. Wewe. Unafanya kazi gani?"

Nikasema naezeka mapaa. Akaweka kikombe chini.

Kumbe yeye ana marufuku yake. Pitibuli ruksa, Rotiwaila ruksa, mwezekaji hapana. Aliwahi kupangisha waezekaji, mmoja baada ya mwingine. Lami kwenye zulia. Redio tangu alfajiri. Theluji ikianguka wanapotea na funguo. Akasema najua wewe binafsi huenda ni mpole, bwana, lakini ni damu.

Nikasema, mama, mimi si mwezekaji halisi. Ni chotara. Upande mmoja seremala.

Akanyanyuka, akashika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akausogeza dirishani penye mwanga.

"Huyu seremala wako ana lami mpaka kwenye kucha."

Alhamisi, 23 Oktoba

Barafu paani, tumeshushwa saa nne. Nimekwenda tena kwa Mama Halvorsen na Mavis. Nimesugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka inawasha.

Amempigia Bwana Wiebe. Kuhusu Mavis, Wiebe amesema hajawahi kuona mbwa mwenye adabu vile, alikaribia kulia. Kuhusu mimi amesema ninalipa, ninakoroma, na mabuti yangu yanakaa njiani.

Kwa hiyo nina alama moja kati ya tatu.

Nikamwambia, mchukue Mavis basi, mimi nitajua pa kwenda. Nilisema haraka, kabla sijafikiri. Yule mama akasema hapana, huyo mbwa usiku mzima alikuwa mlangoni, kiti chenye mto alipanda asubuhi baada ya kuchoka. Halafu akasema kwa hasira, kama vile mimi ndiye nimemwomba: nipe mtu anayekujua tangu kabla hujapanda paa. Mmoja tu.

Huku hayupo. Nimempa namba ya Philomena.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandikia ndani ya pikapu, mbele ya nyumba ya Mama Halvorsen. Vitu vyangu vyote viko nyuma, chini ya turubai la kazini. Funguo nimemrudishia Wiebe mchana. Kamkumbatia Mavis.

Jioni hii watoto wanapita nyumba kwa nyumba wamevaa kama mizimu na wachawi, wanaomba pipi, ndiyo desturi ya huku kila tarehe hii. Mama Halvorsen kasema usaili wangu ni leo leo, lakini mimi nisubiri nje, ndani anampigia dada yangu. Mavis ameingia. Naona dirishani: mama na simu sikioni, Mavis kitini. Kengele ikilia wanakwenda wote wawili mlangoni. Mzimu mdogo kampa Mavis busu la pua. Mama mtu nyuma alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyeuliza aina.

Mchawi mmoja kagonga kioo changu. Eti mzee, wewe umevaa kama nani? Nikasema mwezekaji. Akatazama suruali, akatazama mabuti. "Umepatia kabisa."

Wanaongea muda mrefu. Philomena akianza habari za mama yetu hamalizi leo. Mama Halvorsen ameketi. Amecheka. Sasa ameshika shavu.

Hapa nimeacha kuandika kidogo. Ametoka. Kaja mpaka dirishani kwangu na simu mkononi, bila koti, na baridi hii.

Anasema: "Dada yako anasema katika maisha yako yote hujamkosea mtu hata mmoja. Anasema ulimuuguza mama yenu peke yako, ukamwosha, ukamlisha. Na anasema nikunyime nyumba, ili urudi."

Nikamuuliza, na wewe unasemaje?

Akasema yeye atasema baada ya mimi kusema na dada yangu. Kanipa simu, kengele ikalia, akakimbilia pipi zake. Mlango ameuacha wazi. Mavis ametoka, amekaa kizingitini, katikati ya mizimu, ananitazama.

Simu iko hapa kwenye kiti, kioo kinawaka. Philomena yuko ndani yake. Anasema haloo. Anasema kaka, najua upo, nasikia kalamu.