Fimbo Zilizorudishwa Mara Mbili

Jumapili, Bukoba. Mvua imekatika wakati wa misa ya pili na sasa ardhi inatoa mvuke. Ziwa halionekani, ukungu umelifunika mpaka karibu na ufukwe. Nimekaa barazani na daftari hili ambalo sijaligusa kwa wiki tatu. Nina mengi ya kuandika, na yote yameanzia kwenye mfuko wa fimbo za gofu ambao sikuwa na sababu ya maana ya kuununua.

Sababu ilikuwa udadisi tu.

Bwana Kamugisha, mkubwa wangu katika ofisi ya ardhi, alianza kucheza gofu mwaka jana, baada ya Wazungu wengi kuondoka na ule uwanja wa karibu na ziwa kubaki na watu wachache. Mimi ni mpima ardhi. Miaka yote nimekuwa nikipita kando ya uwanja huo na fito zangu begani, nikimwona mtu anapiga mpira mdogo kama yai la njiwa, unapaa, unatua karibu na bendera. Nilijiuliza anajuaje umbali bila kuvuta mnyororo wa kupimia. Siku moja nilimuuliza Bwana Kamugisha. Akaniambia nitafute fimbo zangu mwenyewe nije Jumamosi nijionee.

Madukani hakuna kitu kama hicho. Nikaelekezwa kwa Bibi Zuhura.

Bibi Zuhura ni mjane anayekaa nyuma ya msikiti. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa daktari mmoja wa Kizungu, na daktari alipoondoka aliwaachia vitu ambavyo hakuweza kuvibeba. Sasa bibi anaviuza kimoja kimoja barazani kwake. Nilikuta vikombe visivyo na visahani, mashine ya kusagia nyama, kiti cha turubai, na kwenye kona mfuko wa ngozi ulioachia mshono, ndani yake fimbo saba.

"Nitakwambia ukweli, mwanangu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Sitaki tukutane njiani ukanigeuzia uso. Hizi nimeshaziuza mara mbili, na mara mbili zimerudishwa."

"Zina kasoro gani, Bibi?"

"Wa kwanza alisema zina kasoro, hakusema ipi. Wa pili alisema zimelogwa. Mimi naziona ni fimbo tu."

Nadhani mtu mwingine angeaga akaondoka. Mimi ndipo nilipozitaka zaidi. Nilitaka kuijua hiyo kasoro. Bibi Zuhura alinipunguzia bei kabla sijafungua mdomo, akanifungia mfuko kwa kipande cha khanga ili vichwa vya fimbo visigongane njiani.

Nyumbani nilizitandaza kwenye mkeka nikazikagua kama ninavyokagua vyombo vya kazi. Nilitazama kila mpini kwa jicho moja, kama ninavyotazama fito. Yote ilikuwa imenyooka. Kisha nikachukua kipimapembe nikapima nyuso za vichwa vyake, na hapo nikasahau hata chai. Kila fimbo uso wake umelala nyuma kidogo kuliko ule wa mwenzake, kwa hatua zinazokaribia kulingana. Kumbe umbali hawaukisii. Umbali umo ndani ya fimbo. Unachagua pembe, na pembe ndiyo inayoamua mpira upae namna gani na utue wapi. Nilifurahi peke yangu kama mtoto.

Kasoro sikuiona.

Namna ya kusimama sikuijua, kwa kuwa watu hao nilikuwa nawaona kwa mbali. Nikachukua fimbo ya katikati, nikaiacha inielekeze yenyewe. Uso wake ulitazama upande mmoja. Nikasimama upande ambao ungeufanya utazame kule ninakotaka kupiga. Nyuma ya nyumba, kabla ya kuingia kwenye kibanja, yaani shamba letu la migomba, tuna uwazi wenye mchungwa. Niliokota machungwa machanga yaliyodondoka, nikaanza.

La kwanza nililikosa. La pili nilichimba udongo. La tatu lilitoa mlio mmoja mkavu na likapita juu ya migomba.

Mke wangu alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Aliinua kichwa.

"Baba Koku, hiyo nayo ni kazi ya Serikali?"

Nilikuwa nashangaa. Mimi si mtu wa michezo. Shuleni nilikuwa wa mwisho kuchaguliwa kwenye kila timu. Mpira nikirushiwa unanipiga kifuani. Na sasa mwili wangu ulikuwa umefanya jambo gumu kana kwamba ulilifanya jana. Nilipiga machungwa mpaka yakaisha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani. Mfuko niliuvika gunia, naungama. Siku hizi, tangu Azimio la Arusha lisomwe, sikutaka mwenyekiti wa mtaa wetu aniulize kama nimeshakuwa bwanyenye.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Bwana Kamugisha, pamoja na Mzee Byabato anayefyeka majani pale tangu enzi za Wazungu. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanakula karibu na bendera ya pili. Bwana Kamugisha alinipa mpira. Nikapiga. Haukwenda mbali, lakini ulinyooka.

Akaniomba fimbo ajaribu. Akasimama, akautazama uso wa fimbo, akaugeuza, akausogelea kutoka upande mwingine, akacheka. "Mpima, umeuziwa nini?"

Mzee Byabato aliweka chini fyekeo lake akaja. Hakuhitaji kuishika.

"Hizi ni za yule daktari," alisema. "Nazijua. Daktari alikuwa mashoto. Hizi mtu wa kulia hawezi kuzipiga hata afanye nini." Halafu akanigeukia kwa heshima ya Kihaya. "Kumbe na wewe ni mashoto, waitu."

"Hapana," nilisema.

Nililisema upesi mno.

Basi hiyo ndiyo kasoro iliyowafanya watu wawili wazirudishe kwa Bibi Zuhura. Nilikuwa nimeitafuta kwa kipimapembe wiki nzima, nayo ilikuwa ndani yangu.

Nakula kwa mkono wa kulia. Naandika kwa mkono wa kulia, hata haya ninayoyaandika. Mke wangu, niliyeishi naye miaka kumi, alikuwa hajui kitu. Wala siwezi kusema nilikuwa namficha; nilikuwa nimejificha mwenyewe vizuri hata nikasahau mahali. Lakini nikiwa nimesimama pale na fimbo mkononi nilikumbuka kamba. Kamba ya mgomba, laini, iliyopita kiunoni na kuufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni. Nilikuwa sijaanza shule. Mama yangu ndiye aliyenifunga, asubuhi, kila siku, tangu maharage yapandwe mpaka yavunwe. Mwaka huo nilishikwa na kigugumizi, kisha nacho kikaondoka. Nikawa mtu wa kulia.

Nilirudi nyumbani bila kumaliza mchezo. Koku alikuwa sakafuni anaandika kazi ya shule. Ni binti yetu pekee, ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Aliposikia hatua zangu aliihamisha penseli haraka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Hili ndilo lililonifanya nisishike daftari.

Koku anatumia mkono wa kushoto, na mimi ndiye ninayempiga. Si mama yake. Ni mimi. Mwezi uliopita nilimpiga vidoleni kwa rula yangu ya kazi kwa sababu aliwasogezea wageni sahani kwa kushoto. Na muhula ulipoanza nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wake nikamwomba asimwonee huruma.

Wiki hii nzima nimekuwa Muleba. Tunapima viwanja vya kijiji kipya upande wa Kishanda, ambako nilizaliwa, ili watu wahamie pamoja karibu na barabara. Nilichukua fimbo moja nikaichanganya na fito ndani ya Landrova, nikidhani jioni nitapiga mpira kidogo. Wazee waliokuja kuangalia kazi waliiona mara moja. Mmoja wao aliishika, akaitazama kwa jicho moja kama anionavyo nikifanya, akauliza kwa sauti ya chini kama hicho ndicho chombo kinachoamua nani ahame na nani abaki.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia hapana, ni ya mchezo tu. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, na nikaona aibu kwamba nimeileta pale. Sikuipiga hata mara moja.

Usiku nilikuwa nalala kwa mama. Bado anakaa kwenye kibanja chetu cha zamani. Kwa sasa nyumba yake haijaguswa na ramani. Alhamisi asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikachuchumaa upande wa pili nikaanza kugeuza naye.

"Mama, unakumbuka ulivyokuwa unanifunga mkono?"

Hakuacha kugeuza kahawa. "Nani amekukumbusha?"

Nilimweleza habari ya fimbo. Nilidhani atacheka, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alikuwa hivyo hivyo," alisema.

Hilo sikulijua. Baba alifariki nikiwa mdogo, na ninachokumbuka ni koti lake tu.

"Siku aliyokuja kwetu kuposa," mama aliendelea, "alipewa kibuyu cha pombe ya rubisi na baba yangu, akakipokea kwa kushoto. Hakukusudia. Mjomba wangu akainuka akatoka. Uchumba wetu ulikaa mwaka mzima kwa ajili ya mkono ule. Na alipokufa, pale pale kwenye matanga, kuna mtu alilitaja. Nikasema mwanangu hatatajwa namna hiyo."

"Nililia?"

"Siku tatu. Na mimi nilikuwa nakwenda kulia kule kwenye migomba, nisije nikakuonea huruma nikakufungua."

Tukageuza kahawa. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mkeka.

"Koku ni hivyo hivyo," alisema. "Nilimwona Pasaka. Unamfunga?"

"Simfungi, Mama. Nampiga."

Hapo mikono yake ilisimama. Hakunikemea. Sijui kama ana haki ya kunikemea, na nadhani naye alikuwa anajiuliza hilo hilo.

"Kamba nilikuwa naifungua usiku," alisema mwishowe, "ili ulale."

Nimekuwa nayo sentensi hiyo kichwani tangu Alhamisi. Nilikuwa nayo kwenye mnyororo na kwenye fito, mpaka Ijumaa nikakosea kipimo kimoja na kulazimika kukirudia.

Leo baada ya misa nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa anapanga ndizi kwenye sufuria, na alipoelewa alikaa juu ya kigoda, akaniangalia mkono kana kwamba ameuona leo.

"Miaka yote hii," alisema.

"Sikujua na mimi."

"Na Koku je? Akienda kwa watu? Siku moja ataolewa, Baba Koku. Atampokea mama mkwe kwa mkono upi?"

Ni swali la haki. Tulibishana mpaka maji yakachemka. Tukakubaliana kwamba kusalimia, kupokea na kula atafundishwa kwa kulia, kwa maneno, polepole, kama anavyofundishwa kupiga magoti. Kuandika aandike kwa mkono anaoutaka. Na rula ibaki kazini. Hilo la mwisho mke wangu ndiye aliyelisema, wala hakunitazama alipokuwa akilisema.

Baada ya chakula nilimwita Koku mezani. Nikaweka karatasi mbele yake, na penseli juu ya karatasi, katikati kabisa. Nikamwambia aandike chochote, kwa mkono wowote.

Alinitazama. Akaitazama penseli. Kisha akaichukua kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akaukalia.

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia habari ya kamba, ya babu yake, hata ya machungwa. Lakini niliona mabega yake yalivyopanda, nikaelewa kwamba kwa sasa mtoto huyu hawezi kuniamini kwa kuwa nimesema neno moja zuri Jumapili moja. Ningeendelea kusimama pale angeandika kwa kulia mpaka giza liingie. Nikatoka nikaja kukaa hapa barazani, nikaurudisha mlango.

Ni kama saa nzima sasa. Hivi punde amepita mbele yangu akienda kuchota maji na mama yake. Ubavu wote wa kiganja chake cha kushoto, kuanzia kidole kidogo mpaka kwenye kifundo, ulikuwa mweusi kwa penseli.

Nilijifanya natazama ziwa.

Kesho Landrova inaondoka kwenda Muleba saa mbili. Saa moja nitakuwa mlangoni kwa mwalimu wake. Sijui nitaanzia wapi, maana mara ya mwisho mimi ndiye niliyemfundisha ukali. Nitaanza na shikamoo, kisha nitamwambia nimekuja kuyafuta maneno yangu.