Njano na Nyeupe kwenye Ngazi za Mama

Faaborg, Jumapili, 9 Machi 1986

Mdogo wangu mpendwa Agnete,

Pokea salamu zangu, nawe uzigawe kwa shemeji Hjalmar na kwa watoto. Je, mafua yaliyokushika melini ulipokuwa ukirudi yamekwisha? Na goti la shemeji, bado linamsumbua akipanda baiskeli? Mimi ni mzima wa afya. Barafu imeanza kukatika bandarini, na watu wameanza kumiminika dukani kununua rangi, kama kawaida yao kila jua linapochungulia. Wakiziona kuta zao kwenye mwanga wanashtuka jinsi zilivyochakaa.

Juzi alikuja mke wa mwoka mikate, akasema anataka jiko la njano. Nikamuuliza njano gani, na pamoja na nini. Akanitumbulia macho. Miaka thelathini na moja nasimama nyuma ya kaunta ile, na bado watu wanadhani njano ni njano tu. Nikamweleza kwamba njano ya haradali inataka bluu iliyokoza, au kahawia ya mbao, ndipo itulie. Kwamba njano ya ndimu itamchosha asipoipa kijivu cha kuipoza. Na kwamba njano iliyopauka ikikaa na nyeupe hupendeza kwenye picha, lakini ndani ya nyumba kila kitu hupoteza mipaka yake. Akachukua haradali na bluu. Alipotoka nikajua siwezi kuendelea bila kukuandikia.

Barua yako ya mwezi uliopita ninayo hapa mezani. Umeandika kwamba umeshusha mapazia yote ya njano nyumbani kwako kwa sababu huwezi kuyatazama. Umeandika kwamba usingetuma ule ukurasa wa gazeti, Mama angekuwa bado anatembea. Nimeisoma mara nyingi, Agnete. Sasa nitakupangia mambo tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana uliyapata kutoka kwa Mama, na Mama husimulia anavyotaka yeye.

Mwezi wa tano mwaka jana nilimpeleka Odense kwa daktari wa macho. Alipomaliza kumpima, Mama alitoka nje kufunga vifungo vya koti lake, daktari akanizuia mlangoni. Akasema kuna doa katikati ya macho yote mawili, na doa litakua. Hatapofuka kabisa, ila ataona kwa pembeni tu. Akauliza kama nyumba ina ngazi. Nikamwambia ndiyo, vidato vya bluu iliyokoza na kuta za haradali, alivyopaka marehemu Baba mwaka tuliohamia. Akafurahi. Akasema tuziache hivyo hivyo, na tukibadili chochote, ukingo wa kila kidato uwe na rangi inayopiga kelele mbele ya mwenzake. Hakuwa na haja ya kuniambia. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Nilikusudia kumweleza Mama ndani ya basi. Lakini alikaa na mama mmoja wa Svendborg, wakazoeana kabla hatujatoka mjini, na yule mama akauliza mimi ni nani. Mama akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva, “Huyu ni wa kwanza. Anapatanisha rangi za mji mzima, mwenyewe hajapata wa kupatana naye.” Yule mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nikageukia dirishani. Tulipofika nyumbani Mama akaniuliza daktari alisema nini, nikamjibu kwamba amesema asinyanyue vitu vizito na ale kabichi kwa wingi.

Baada ya wiki tatu ikaja barua yako na ule ukurasa: ngazi za nyumba fulani ya huko kwenu, kuta njano laini kama siagi, vidato vyeupe, jua limejaa. Ukasema Mama anatimiza miaka themanini na nyumba inastahili kung'ara. Sikulaumu. Hukujua chochote. Mama aliukamata ukurasa na kioo chake cha kukuzia, akaniambia nimsomee barua mara tatu. Akasema Agnete ana jicho. Akasema gazeti moja tu limemfundisha Agnete mengi kuliko miaka yangu yote ya kukoroga makopo ilivyonifundisha mimi.

Nilimwonya, nataka ulijue hilo. Nilimwonya mara moja. Nilimwambia vidato vibaki bluu, la sivyo macho yake yatavipoteza.

“Wivu huo, Kirstine,” akasema. “Unao tangu mwenzio alipozaliwa. Ulikuwa ukisimama kwenye kitanda chake ukimtazama kama paka anavyotazama samaki. Bluu ile ni ya jeneza. Paka nilivyosema, au nimwite fundi anayejua kazi.”

Basi nikapaka. Nilichukua siku nne za likizo mwezi wa nane. Nikapiga msasa, nikaondoa bluu ya Baba hadi kwenye mbao, nikapaka rangi mpya mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Sherehe unaikumbuka. Bendera ndogo kuzunguka meza, samaki wa siki na mkate mweusi, keki ya tabaka na malai. Unakumbuka Mama alivyosimama chini ya ngazi, amekushika mkono, akiwaambia majirani mmoja mmoja, “Agnete ndiye aliyechagua. Yuko mbali, lakini ananifikiria.” Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na birika la kahawa mkononi. Mama akanigeukia akasema kuna unywele wa brashi umeganda kwenye kidato cha tatu. Hakuuona, aliupapasa kwa kidole.

Kesho yake ninyi mkaondoka asubuhi. Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni naosha vikombe. Jua la saa ile huingia kwa dirisha la juu na kumwagika ngazini kote. Sikusikia yowe. Nilisikia kishindo kimoja, kisha vingine vidogo vidogo vikishuka, kisha kimya. Nilipotoka, mguu wake ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na macho yake yalikuwa wazi, yananitazama kwa pembeni.

Nyonga na kifundo cha mkono. Yaliyofuata unayajua: hospitali, kisha nyumba ya wazee, kisha kiti kile cha magurudumu. Unakumbuka ulivyolia kwenye simu ukisema, “Ni mimi, dada, ni ule ukurasa wangu.” Nami nikakujibu, “Hukujua, mdogo wangu.” Lilikuwa neno la kweli, na ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Nilikuachia mzigo na nikakupapasa mgongo huku nikikuachia.

Sasa nikwambie ya ukweli. Kwenye picha yako vidato vilikuwa vyeupe hasa, weupe wa chumvi, na ule weupe ulikuwa bado na mstari wake mbele ya njano. Mtu mwenye macho mabovu angeweza kuukisia. Mimi nilichukua ile nyeupe dukani nikaitia njano, tone baada ya tone. Nikaichukua ile njano nikaitia nyeupe. Nikapaka vipande vya ubao, nikavipeleka nyumbani, nikavisimamisha ngazini saa tisa alasiri, nikavua miwani yangu. Nilirudia kwa siku sita, hadi siku niliyoshindwa kuona ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Rangi hiyo ndiyo niliyopaka. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, Agnete.

Utaniuliza kama nilitaka aanguke. Nilitaka asimame juu pale asijue pa kuweka mguu. Nilitaka aite mbele ya watu, “Kirstine, njoo unishike mkono.” Nilitaka aniombe, basi. Ndivyo ninavyojiambia. Nimejiambia mara nyingi mno, sasa sijui tena kama ni kweli au ni mazoea.

Alhamisi ile ya mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda kwa Mama nikamwambia yote: ya daktari, ya matone, ya vipande vya ubao. Alikuwa dirishani na blanketi magotini. Nilidhani atalia au atanitupia kikombe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Ulidhani sikuona?”

Akasema tangu siku ya kwanza rangi ilipokauka alisimama juu akatazama chini, na hapakuwa na ngazi. Kulikuwa na kitu kama maziwa yaliyomwagwa juu ya maziwa. Akawa anashuka kwa kuhesabu, vidato kumi na vinne, mkono ukutani tukiwa hatupo, mkono mfukoni tukiwepo. Siku ile alikosea hesabu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Nikuite wewe? Nikuambie ulisema kweli na Agnete alikosea? Bora mfupa.”

Halafu akasema nisikwambie. Nikadhani, ee Mungu, katika uzee wake hatimaye ananisitiri. Macho yalinilowa, Agnete, nikanyoosha mkono nimshike wake. Akauondoa akasema, “Kabla sijaanguka alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, anatazama saa. Sasa anakuja kila mwezi na keki, anakaa kutwa, ananichana nywele. Ukimwambia si kosa lake, atakuja kufanya nini?” Akacheka. Akataka kahawa. Nikammiminia. Na nikakubali. Siku kumi nimekubali, nikiisoma barua yako yenye mapazia na kuirudisha kwenye bahasha.

Basi umejua. Hukuvunja mfupa wa mtu. Ulituma picha nzuri kwa mama yako. Aliyeitengeneza iwe shimo ni mimi, na aliyelijua shimo na kukufunga nalo ni yeye.

Jumamosi hii una tiketi ya meli. Njoo au usije, ni juu yako. Sijamwambia kwamba nimekuandikia. Tangu Ijumaa atakuwa amewasumbua wauguzi wamnyooshee gauni la kijivu, na Jumamosi atakaa pale dirishani akiuliza kila kishindo cha miguu kama ni wewe, kwa sababu hawezi kukutambua mpaka uwe karibu. Ningependa kukwambia kwamba naandika kwa ajili yako tu. Lakini jana nilipomfikiria amekaa hivyo hadi jioni, kahawa imepoa, hakuna mtu, nilisikia joto kifuani ambalo sijalisikia kwa miaka. Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta kalamu. Kwa hiyo usinishukuru.

Msalimie shemeji, goti lake lipone upesi, na watoto uwabusu bila kuwaambia busu limetoka kwa nani. Nawatakia majira mema ya kuchipua na nyumba yenye amani.

Ni mimi dada yako,
Kirstine