Wimbo Nilioufanyia Mzaha

Mjukuu wangu Aline,

Salamu kutoka Kisangani. Papa yako amepona malaria, asante Mungu. Uliniuliza kwa nini ule wimbo wa huzuni ninauimba bila maneno, nikiwa nimefumba mdomo.

Ni wimbo wa msiba wa kwao Mama, Banalia; aliuimba akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, akimlilia kaka yangu aliyezama mtoni huko. Siku moja, mbele ya wenzangu wa shule, niligeuza maneno yake kuwa mzaha. Tukacheka sana. Kugeuka, Mama yuko mlangoni.

“Bon, endelea, mwanangu,” alisema.

Hakuuimba tena hadi alipokufa. Sasa maneno yanayonijia ni yale yangu ya mzaha tu. Ya Mama sikumbuki hata moja. Ukikutana na mtu wa Banalia huko Goma, niulizie maneno ya wimbo ule. Mimi naona haya.

Koko wako