Amri Niliyoibandika Kwa Mtendaji

Jumatano, Kumsenga

Nimeoga mara mbili na nywele bado zinanuka moshi.

Nilikuwa mkali mno kwa wale warina asali. Mimi, afisa misitu mgeni kutoka Tanga, nilibandika amri kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, kuwapiga marufuku kuingia msitu wa hifadhi kiangazi chote, eti mienge yao ya kufukuzia nyuki itachoma nyasi. Mzee Bukuru, mkubwa wao, alijibu tu, "Sawa, mama. Lakini mizinga yetu imo humo."

Leo mchana moto wa mashambani ukaruka kuingia msituni. Nilifika na walinzi wawili, tumeshachelewa. Nikawakuta warina asali wanaupiga kwa matawi mabichi, kwenye ukanda mpana walioufyeka tangu juzi. Kumbe huufyeka kila mwaka, kulinda mizinga. Sikuwahi kuuliza.

Nyuma yao, bondeni, pongo jike alisimama na mtoto wake, masikio juu. Moto haukuwafikia.

Nilitaka kuomba radhi. Mzee Bukuru akanipa tawi. "Piga, mama. Usisimame tu."

Nikapiga mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mvua bado iko mbali, na moto mwingine utakuja, hilo linanitisha. Lakini kesho asubuhi nakwenda kwa mtendaji kuibandua ile amri, halafu nimwombe Mzee Bukuru anifundishe ukanda unapopita.

Ee Mungu, asante kwa watu walionikaidi.