Mkwe Jikoni, Bosi Chini ya Meza

Malindi, Jumamosi, Novemba

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamekusanyika tangu asubuhi, mvua yenyewe haiji, na mimi nimeshakalia viti vyote vya nyumba hii bila kutulia hata kwenye kimoja. Nimefungua friji mara nyingi wala sina njaa. Basi niandike, huenda nikapoa.

Wanaosoma hapa wanaujua ugonjwa wangu: filamu za kuchekesha za kazini. Nazitazama zote. Za Wanaijeria, bosi anafoka mpaka tai inahamia mgongoni. Za Wahindi, karani kampenda binti wa mwenye kampuni na wote ofisini wanaimba. Za Wazungu, watu wamekaa tu mbele ya kompyuta wakichukiana kwa upole. Ukizitazama sana utagundua watu ni walewale. Kuna bosi asiyeijua kazi yake, kuna mhasibu anayelala, kuna wa kujipendekeza, na kuna mpishi wa chai ambaye ndiye mwenye ofisi hasa.

Ofisini kwetu, kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa maembe na korosho, hao wote tunao. Ndiyo maana mwaka huu mimi na Swaleh wa stoo tukaamua kutengeneza filamu yetu wenyewe. Swaleh anashika simu, Mwanaidi wa jikoni anacheza mpishi, na mimi nacheza bosi. Meneja ametupa ruhusa kwa moyo mkunjufu, na mpaka leo hajang'amua kwamba bosi yule ni yeye. Itaonyeshwa kwenye mkutano wa wanachama wa kufunga mwaka, na ilikuwa imebaki sehemu moja tu: bosi amelala chini ya meza yake, mpishi anamvuta kwa mshipi atoke, na suruali inabaki nyuma.

Ndipo mama mkwe akaajiriwa jikoni.

Jina lake sitaliandika hata hapa, kwa sababu mimi ni Mgiriama na mama wa mke wangu simtaji jina. Simpi mkono, simtazami usoni, sili mbele yake, na mzaha ndio kabisa. Tukikutana ukumbini nasimama pembeni, nainamisha kichwa, tunasalimiana macho yakiwa chini, kila mtu anashika njia yake. Kwake Vitengeni jambo hilo halina taabu, kwa kuwa mimi nakaa uani na yeye anakaa ndani. Lakini ofisi yetu ina vyumba vinne, na jikoni kuna kidirisha cha kupitishia chai kinachotazama meza yangu.

Nimepekua kichwani filamu zote nilizowahi kuona, sijapata hata moja yenye mkwe kazini. Bosi wanamwibia, wanamfungia chooni, wanamwoza kwa makosa. Mkwe hayumo. Nadhani waandishi wanaelewa kwamba akiingia tu, filamu imekwisha.

Mimi niliyekuwa mchekeshaji wa ofisi nikawa bubu. Wengine walidhani naumwa. Kila Swaleh akisema turekodi nilikuwa na udhuru: tumbo, jino, simu ya mkulima kutoka Magarini. Wiki iliyopita akaniambia bila kuzunguka kwamba atampa mtu mwingine nafasi yangu.

Niliumia. Jumatano nikamwambia mke wangu, Dama, maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia, "Mamako amenifunga mdomo. Afadhali asingekuja pale kabisa."

 Alhamisi Dama alikwenda kuongea na mamake. Jana jioni akaniambia kwa sauti kavu, "Mama ameacha kazi. Amerudisha aproni. Anasema mkwewe apate nafasi ya kucheza."

Na mimi nikafurahi.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisema maneno ya huzuni yanayofaa kusemwa, lakini moyoni nilijiona kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Leo asubuhi tukaenda ofisini, siku isiyo na watu, tumalize kazi. Nikalala chini ya meza, nikakoroma, nikavutwa, suruali ikabaki. Swaleh alicheka mpaka simu ikatetemeka mkononi. Mwanaidi alinivuta kama anayevuta gunia la mkaa, bila kunitazama. Tulipomaliza nikamuuliza ana nini.

"Sina kitu," akasema. Kisha akageuka. "Wewe Karisa, wajua kwamba mamako mkwe alikuwa akituvunja mbavu mle jikoni? Kila siku. Chai ilikuwa yamwagika. Akisikia viatu vyako tu, kimya. Hushika kisu akakata vitunguu kama aliye matangani. Wallahi, kwa kumwiga huyo bosi, humfikii."

Nikadhani ananifariji au ananichokoza. Akatoa simu yake.

Sikujua kama ni halali mtu kumtazama mkwewe kwenye simu. Usoni simtazami, lakini kioo je? Nikajiambia nitaangalia kidogo tu.

Mama mkwe amesimama kati ya sufuria, aproni kaivuta juu ya tumbo, kaushika upawa sikioni kama simu. Hapigi kelele kama ninavyopiga mimi. Anazungumza polepole, kwa heshima kubwa, kama mtu aliyepotea njia na hataki ijulikane. "Ndiyo, ndiyo, mimi ndiye mkubwa hapa," anaiambia simu. Ananyamaza, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, kisha anaushusha upawa na kumnong'oneza Mwanaidi, "Mama, niambie tafadhali. Kwani kazi yangu mimi ni ipi?"

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka machozi. Miezi yote hii nimekuwa nikifoka na kupiga meza, na bosi mwenyewe ndiye yule aliyekuwa jikoni.

Halafu kwenye video ile zikasikika hatua za mtu ukumbini. Mama mkwe anakatiza neno katikati. Anauweka upawa, anaishusha aproni, anaiokota sufuria isiyo na haja ya kuokotwa, na uso wake unafunga kama duka.

Viatu vile ni vyangu.

Mwanaidi akanieleza lililobaki, naye alikuwa karibu kulia. Baba mkwe alipofariki, mama yule alilima mahindi peke yake, akapika peke yake, akala peke yake. Aliwaambia kwamba cha kumpendeza katika kazi ile si mshahara, ni kwamba ukifika asubuhi unakuta watu. Na Jumatatu meneja anamweka mtu mwingine.

Basi ndiyo maana situlii. Nilidhani heshima ile imenibana mimi pekee. Yeye alikuwa akibanwa vilevile upande wa pili wa kidirisha, na hakumlalamikia mtu. Aliondoka tu.

Mvua bado haijanyesha. Nimemwambia Dama kwamba kesho mapema tunakwenda Vitengeni. Mimi nitakaa uani, yeye ataingia ndani na kunipelekea maneno, kama inavyotakiwa. Aseme kwamba namwomba mama arudi Jumatatu, kabla nafasi haijachukuliwa. Aseme kwamba nitahamishia meza yangu stoo kwa Swaleh, mbali na jikoni, na chai yangu nitaletewa. Aseme kwamba maneno ya Jumatano yalikuwa ya mtu mpumbavu.

Dama alisikiliza kila kitu, uso wake ukaanza kulegea. Akaniuliza kama kuna jingine la kupeleka.

Lipo. Nataka mama yule ajue kwamba nilimtazama mpaka mwisho, kwamba nilicheka nikiwa sakafuni, kwamba katika filamu zote nilizoona maishani hakuna bosi aliyenichekesha kama yeye. Nataka alijue hilo kuliko yote niliyoyataja. Lakini hilo ndilo neno ambalo mkwe hampelekei mkwewe, hata kwa mdomo wa mtoto wake.

Nikamwambia Dama hakuna jingine.