Sketi Kwenye Beseni la Mashati

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza wasomaji wote wasimame kwa heshima: beseni la bluu la mama yangu limetupwa jalalani hapa Cluj, Romania, likiwa bado zima kabisa.

Mimi ni Zamfir, mfua masufuria ya shaba, mtu wa Waroma, kabila la wahamaji, wale mnaotubandika majina mengine tukigeuza mgongo, na katika uzee huu, kitambi na yote, nimejiunga na chuo kikuu kusomea rangi na makabila, nikijua nitaongoza darasa maana somo lenyewe ni mimi, kumbe wapi, nimeponea chupuchupu, na aliyeongoza ni Codruța, binti wa Kiromania, aliyekuja kumhoji mama kwa ajili ya utafiti wake akageuka mwana wa nyumbani, anakatiwa mpaka mnofu uliokuwa wangu! Mama akamsimulia jinsi babu alivyolazimishwa kuuacha msafara wa kuhamahama, habari ambayo mimi sijawahi kuisikia.

"Mama, mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba. Wewe huuliza tu kama chakula kimeiva."

Basi Jumamosi Codruța akamsaidia mama kufua. Kwetu nguo za juu na za chini hazichangii maji; sketi ikiingia beseni la mashati, beseni ni najisi, halifai tena. Naye akatia sketi humo, kwenye lile la bluu la mashati. Mama akapiga ukelele: "Toka! Usinikanyagie tena hapa!" Binti akaondoka analia, utafiti umekwama. Je, niingilie, au niwaachie wanawake wamalizane?

*

Zamfir, pole. Kumwona mgeni akipewa cha mama yako kunauma. Lakini acha kunizungusha, mzee mzima! Umenieleza beseni, ukanieleza mnofu, hujanieleza nani alimwonyesha msichana pa kutia ile sketi. Kama ni wewe, nenda leo, uwaambie wote wawili wakiwa pamoja, bila mzaha. Kisha niandikie.

Mama Otilia

*

Mama Otilia, nimekwenda. Codruța amerudi kwenye utafiti wake; mama hanisemeshi. Niliwaambia hivi: Codruța aliniuliza, "Kaka Zamfir, hii niitie wapi?" Mabeseni yalikuwa mawili, nami nilijua lipi ni la sketi. Nikamwonyesha la bluu, nikaingia ndani, nikavuta kiti karibu na dirisha, nikangoja ukelele wa mama.