Kabla Jina Halijaitwa

Jumatano, 10 Julai 2024

Ukungu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta. Hadi saa mbili na nusu jua halijaonekana. Paa la msikiti lilikuwa kama linaelea peke yake.

Nimefungua duka saa moja kamili. Leo siku ya thelathini na sita tangu Bibi afariki.

Mjomba Bashiri amepiga simu kutoka Ruangwa. Anataka historia ya duka, ukurasa mmoja, isomwe Jumapili kwenye arobaini. Kasema mimi ndiye mwenye mwandiko. Baada ya dua ataliita jina. Kwetu ndivyo ilivyo: jina la marehemu hunyamaza siku arobaini, kisha mjomba huliita mara tatu mbele ya ukoo, na aliyeteuliwa huitika. Atakayeitika ndiye Mwanabibi. Na duka la Mwanabibi ni lake.

Nikiwa mimi, linabaki hapa Nachingwea. Akiwa Zuleha, binti wa mama mdogo, linahamia Ruangwa. Huko kuna lami, kuna watu wa machimbo, na Mjomba ameshapata fremu ya duka karibu na stendi.

Hajasema ni nani. Ila ameniuliza kama nina gauni jeupe. Gauni jeupe!

Nimeanza kuandika. 1968: Bibi ana miaka ishirini na moja, anatembeza kaniki kichwani hadi Nkowe, analala njiani. Meza ya kukatia vitambaa ni mataruma ya reli ya zamani, baba yake aliyabeba reli ilipong'olewa. Halafu ile miaka maduka ya watu yalipofungwa na kubaki la ushirika tu. Bibi akauza uzi na sindano kwenye dirisha la chumbani. Akipita mkaguzi, wateja wote walikuwa "wamekuja kumwona mgonjwa". Mgonjwa mwenyewe anacheka hadi anakohoa.

Sikuwa nimezaliwa. Lakini nikiandika naliona lile dirisha, na mikono inayoingia na kutoka.

Alhamisi, 11 Julai

Jua zuri, upepo kidogo. Wateja wachache, wengi bado wako kwenye ufuta. Nimekunjua kitenge cha bluu ili nikikunje upya, nikabaki nimekishika sijui muda gani. Harufu ya kitambaa kipya, ile ya wanga, ndiyo harufu ya Bibi. Alipima kwa mkono wake, kutoka puani hadi ncha ya kidole. Miaka tisa nimesimama pembeni yake na futi ya fundi, na hakuwahi kupunja wala kuzidisha.

Gauni liko kwa fundi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeharibu kila kitu.

Zuleha alifika mchana na daftari, katumwa na Mjomba kuorodhesha mali, "ili tujue tu". Alikuwa nyuma, kwenye marobota. Mimi mezani. Joto, inzi mmoja, watu wametoka Ijumaa. Sikulala — lakini pia sikuwa macho. Nilikuwa kwenye lile dirisha.

Sauti ikaita nje: "Mwanabibi! Mwanabibi we, upo?"

Nikaitika: "Nipo! Karibu!"

Bi Mwantumu wa Chunyu. Anakuja mara moja kwa mwaka, akishauza ufuta. Hakuwa na habari ya msiba. Nilipomwambia, alikaa chini kizingitini. Akauliza: Sasa aliyeniitikia ni nani?

Zuleha akatokea na daftari kifuani. "Haa! Dada Zulfa! Umeitika? Hata arobaini bado!"

Nikamwomba anyamaze. Akasema angenyamaza, lakini mtaa mzima umesikia. Ni kweli. Mama Goreti wa mgahawa alishasimama barabarani na mwiko mkononi.

Jumamosi, 13 Julai

Mawingu. Mjomba kafika saa nne. Hakunywa chai.

Kasema jina si chenji, kwamba likidondoka unaokota. Watu wanasema nilikuwa na haraka. Nikamwambia nilikuwa nimesinzia, Mjomba. "Ndiyo vibaya zaidi. Mwizi angalau anakuwa macho!" Kisha akacheka kidogo, akafuta macho kwa kofia. Ananipenda, najua. Lakini jina haliitikwi mara mbili na mtu mmoja.

Gauni limeletwa. Mama kalitundika mlangoni, kisha kalitoa.

Jumapili, 14 Julai

Dua asubuhi. Mjomba kasoma historia yangu, watu wakaangua kicheko kwenye mgonjwa wa dirishani. Halafu akasimama.

"Mwanabibi!" Mara ya pili: "Mwanabibi!" Zuleha ananitazama mimi. Mara ya tatu akaitika: "Nipo." Sauti ya mtoto aliyeamshwa.

Vigelegele. Akapakwa unga kwenye paji. Mama yangu akamshika mikono: Shikamoo, mama. Kisha zamu yangu. Ana miaka ishirini na nne, nilimbeba mgongoni. Shikamoo, Bibi. Badala ya marahaba, akaning'ang'ania shingoni.

Baada ya Magharibi tukafungua duka, wawili tu. Akajaribu kupima kwa mkono. Akatoa kipande cha kutosha leso ya mfukoni! Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. Fuso la Mjomba linafika kesho saa moja kupakia. Akasema sasa neno la mwisho ni lake, hata Mjomba hawezi kulipinga.

"Nikimwambia gari lirudi, utabaki? Uwe unakata, mimi niwe nakaa tu na jina?"

Nilisema nitafikiri.

Amelala kitanda cha Bibi, viatu bado miguuni. Nimemvua. Nimeweka ufunguo wa duka karibu na mto wake. Nimeuchukua. Nimeurudisha, nusu chini ya mto, nusu nje.

Saa tatu na dakika tano. Nalala.